Maji Hayo Yalitoka Wapi? Kalsiamu katika mwili ulio hai

Hii ni hotuba niliyoitoa Arusha mbele ya wanafunzi wa uuguzi na ukunga, walimu wao na wazazi. Wengi walioshindwa kufika wameniomba niiandike, basi naiweka hapa yote. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wakunga mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa, wazazi wetu, na ninyi wanafunzi mlioujaza ukumbi huu: Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kalsiamu. Najua neno hilo likitajwa, mawazo ya wengi huenda kwenye mifupa, meno na glasi ya maziwa. Ni sawa kabisa. Mtu mzima hubeba takriban kilo moja ya kalsiamu, na asilimia 99 yake imo kwenye mifupa na meno. Ila leo naomba tuanze na ile asilimia moja inayobaki. Hiyo moja ndiyo inayodundisha moyo. Hiyo moja ndiyo inayogandisha damu kwenye kidonda. Hiyo moja ndiyo inayokaza mji wa mimba wakati wa uchungu. Na hiyo moja, kama nitakavyowaonyesha, ndiyo inayoliamsha yai ambalo kila mmoja wetu alitokana nalo.

Tumeyajuaje haya? Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi, na kila nikiirudia historia ya utafiti wake nakutana na swali lile lile. Linajitokeza London, linajitokeza pwani ya Marekani, linajitokeza Guatemala, linajitokeza hapa hapa Arumeru. Swali lenyewe ni hili: maji hayo yalitoka wapi?

Twende London, mwaka 1882. Daktari Sydney Ringer anatibu wagonjwa katika hospitali ya University College, na muda unaobaki anaumalizia maabara. Ameufunga moyo wa chura kwenye kifaa, anapitisha ndani yake maji ya chumvi, na anarekodi mapigo. Anataka kujua: moyo uliotolewa mwilini, usio na damu, unahitaji nini ili uendelee kudunda?

Moyo unadunda. Unadunda vizuri, kwa maji na chumvi chache tu. Ringer anaandika matokeo, yanachapishwa. Kisha anagundua jambo. Maji yaliyotumika kutengenezea mchanganyiko hayakuwa yale yaliyokenekwa, maji ya mvuke yasiyo na chumvi yoyote. Yalikuwa maji ya bomba, ya kampuni ya New River.

Wangapi kati yetu tungeishia hapo? Moyo si unadunda? Makala si imeshatoka? Ringer alianza upya. Alitengeneza mchanganyiko ule ule kwa maji yaliyokenekwa, akaupitisha kwenye moyo wa chura. Mapigo yakafifia, yakafifia, moyo ukasimama. Akaongeza chumvi ya kalsiamu, kidogo sana. Moyo ukaanza tena.

Basi maji hayo yalitoka wapi? New River ni mfereji uliokamilika mwaka 1613 ili kuwaletea watu wa London maji ya chemchemi za Hertfordshire, na chemchemi hizo hutokea kwenye miamba ya chaki. Chaki ni kalsiamu kaboneti. Maji yale yalikuwa yameibeba kalsiamu kutoka mwambani hadi kwenye bomba, hadi kwenye chupa ya maabara, kwa kiasi kinachokaribia kile kinachoelea huru ndani ya damu yetu. Mwaka 1883 Ringer alichapisha makala mpya. Habari ya bomba hakuificha. Aliiweka mwanzoni kabisa mwa makala, akaeleza kwamba kalsiamu ya maji yale ndiyo iliyokuwa ikiushikilia moyo. Mimi naiheshimu sana aya ile. Utafiti wa kalsiamu katika tishu hai umesimama juu yake.

Wanafunzi, jina la daktari huyu mnalishika kila siku. Dripu ya Ringer mnayomtundikia mama aliyepoteza damu imetokana na mchanganyiko wake, ulioongezewa lakteti na Alexis Hartmann, daktari wa watoto wa Marekani, katika miaka ya 1930. Isome lebo kabla ya kuitundika: utaikuta kalsiamu kloraidi imeandikwa pale. Ndiyo maana mnafundishwa kwamba dripu hii haipiti kwenye mrija mmoja na damu ya kuongezewa. Damu ya benki imezuiwa isigande kwa kuifunga kalsiamu yake, na wewe ukiirudisha, inaweza kuganda mrijani. Ndiyo maana pia mtoto mchanga hapewi ceftriaxone, ile antibiotiki ya sindano, huku anapewa maji yenye kalsiamu. Viwili hivyo vikikutana vinashikana na kufanya chembechembe, na chembechembe hizo zimewahi kukutwa kwenye mapafu na figo za watoto wachanga waliofariki. Naomba hili mlishike, wanangu. Saa nane za usiku, ukiwa peke yako wodini, hakutakuwa na mwalimu wa kukukumbusha. Itakuwepo lebo tu.

Sasa tuingie ndani ya seli. Nje ya seli, kwenye damu na majimaji ya mwili, kalsiamu ni nyingi. Ndani ya seli iliyotulia ni chache mno. Tofauti ni kama mara 10,000. Mara elfu kumi! Seli ni ngalawa inayovuja katikati ya bahari: maji yanataka kuingia muda wote, na anayeyafua hapumziki. Kuna pampu za protini kwenye utando wa seli, na nyingine kwenye maghala yake ya ndani, na pampu hizo zinakula nguvu usiku na mchana ili kalsiamu itolewe nje au ifungiwe ghalani.

Kwa nini seli ijisumbue hivyo? Nguvu ya seli inabebwa na fosfeti. ATP mnayoikariri, molekuli inayoibeba nguvu hiyo, ina fosfeti tatu zilizofuatana. Na kalsiamu ikikutana na fosfeti kwa wingi, vinashikana na kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka. Kitu hicho tunakijua, ndicho kinachoupa mfupa ugumu wake. Seli haiwezi kuishi ikiwa na kitu cha namna hiyo tumboni, kwa hiyo inaitoa kalsiamu. Na kwa sababu ndani ni chache, kiasi kidogo kikiruhusiwa kuingia kinatambulika papo hapo. Hapo ndipo kalsiamu ilipopata kazi ya kuwa mjumbe.

Ukitaka kujua pampu hizi zinafanya nini, tazama zinaposimama. Wauguzi mliowahi kumhudumia marehemu mnajua kwamba saa chache baada ya kifo mwili hukakamaa. ATP imekwisha. Pampu zimesimama. Kalsiamu imevuja hadi kwenye nyuzi za misuli, nyuzi zimeshikana, na hakuna nguvu iliyobaki ya kuziachanisha. Wazee wetu, Waislamu kwa Wakristo, huhimiza marehemu afumbwe macho na kufungwa taya mapema. Wanajua kwamba baada ya muda haiwezekani tena.

Nyuzi hizo zinaipokeaje kalsiamu? Setsuro Ebashi wa Tokyo alilijibu swali hilo katika miaka ya 1960. Aliionyesha dunia protini iitwayo troponini, ambayo kalsiamu ikiishika, msuli unaruhusiwa kujikunja. Leo mgonjwa akija na maumivu ya kifua, tunapima troponini kwenye damu yake, kwa sababu msuli wa moyo unapokufa huivujisha. Kipimo hicho kimetoka moja kwa moja kwenye utafiti wa kalsiamu.

Lakini kalsiamu yenyewe haionekani. Haina rangi ndani ya seli. Utaionaje ikiingia kwa sehemu ya sekunde, kisha ikatoka? Jibu lilitoka baharini.

Osamu Shimomura alikuwa kijana wa miaka 16, akifanya kazi kiwandani Isahaya, bomu la atomiki lilipoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Mwanga wa bomu ulimpofusha kwa muda. Alipona, akasoma katika nchi iliyobomolewa, akafika Marekani kufanya kazi na Frank Johnson wa Princeton. Kiangazi cha mwaka 1961 wakaenda Friday Harbor, pwani ya magharibi, kuvua yavuyavu, wale wanyama laini wa baharini ambao wavuvi wetu wanawaogopa kwa kuwasha. Aina waliyoitaka inaitwa Aequorea, na ukingo wa mwavuli wake hutoa mwanga. Walivua kama yavuyavu 10,000. Walikata ukingo wa kila mmoja, wakaukamua kwenye kitambaa, wakatafuta kemikali ya ule mwanga kwa njia zote walizozijua. Njia zote ziligoma.

Shimomura akawa anachukua mashua, anaiacha ielee, anawaza. Akafikia uamuzi: kama mwanga unatokana na protini, basi asidi inaweza kuuzima kwa muda bila kuiharibu protini yenyewe. Akatia asidi, mwanga ukazimika. Akaipunguza asidi, mwanga ukarudi, hafifu. Alipomaliza akamwaga mabaki kwenye sinki.

Sinki likawaka. Ndugu zangu, likawaka mwanga mkali wa buluu kuliko chochote alichokuwa amekiona kwenye chupa zake!

Na yeye akauliza: ndani ya sinki mna nini? Maji haya yametoka wapi? Yalikuwa maji ya bahari, yaliyofurika humo kutoka kwenye matangi ya viumbe. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 400 za kalsiamu. Ni kalsiamu ile ile inayojenga matumbawe ya pwani yetu, ambayo mababu waliyachoma wakapata chokaa ya kuta za Kilwa. Kalsiamu ya maji yale ndiyo iliyoiwasha protini ya yavuyavu. Mwaka 1962 waliitangaza protini hiyo, wakaiita ekworini. Pembeni yake walikuta protini nyingine, ya kijani, ambayo baadaye ilimpatia Shimomura Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2008, pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien. Huyo Tsien naye alitumia miaka mingi kutengeneza rangi zinazong'aa kalsiamu inapopita, na rangi hizo ndizo zinazotumika leo katika maabara za dunia nzima.

Wataalamu wakaanza kuidunga ekworini ndani ya seli hai na kutazama. Katika miaka ya 1970 Lionel Jaffe na wenzake waliidunga kwenye yai la medaka, samaki mdogo wa Japani, kisha wakaweka mbegu za kiume. Mwanga ulianzia pale mbegu ilipoingia, ukatembea kwa wimbi hadi upande wa pili wa yai, ukazimika. Walikuwa wameiona kwa macho kalsiamu ikiliamsha yai. Kwa mamalia, na sisi tukiwemo, wimbi halipiti mara moja, linarudi tena na tena kwa saa kadhaa. Mwaka 2002, kwa kutumia mayai ya panya, watafiti wa Cardiff walionyesha kwamba mbegu huja na kimeng'enya chake chenyewe kinachoyaanzisha mawimbi hayo.

Kimeng'enya hicho kinafanyaje kazi? Hapa yupo mtu aliyezaliwa katika bara letu. Michael Berridge alizaliwa mwaka 1938 Gatooma, mji uitwao sasa Kadoma, Zimbabwe. Alisoma chuo kikuu katika nchi hiyo hiyo kabla ya kwenda Cambridge, na kiumbe alichokichagua ni nzi mkubwa wa mizoga. Alichunguza tezi za mate za nzi huyo kwa miaka mingi. Mwaka 1983 yeye na wenzake walionyesha kwamba ujumbe ukifika kwenye utando wa seli, kipande kidogo cha mafuta ya utando hukatwa, kipande hicho huelea ndani na kulifungua ghala la kalsiamu. Kinaitwa IP3.

Wakunga, hebu niwaulize. Mtoto akishatoka, mnamdunga mama nini? Oksitosini, uniti 10, kwenye msuli. Mnaweka mkono tumboni, mnausikia mji wa mimba unakaza, unakuwa mgumu chini ya kiganja, damu inapungua. Kilichotokea kati ya sindano na ule ugumu ni hiki: oksitosini imegusa utando wa seli, IP3 imekatwa, ghala limefunguka, kalsiamu imetoka, msuli umejikunja. Njia hiyo tumeijua kwa sababu kuna mtu aliyeheshimu mate ya nzi. Mzazi akihoji kwa nini mwanawe anasomea wadudu chuo kikuu, msimulieni habari hii.

Nimekaa sana na ile asilimia moja, kwa makusudi. Turudi kwenye zile 99. Na hapa Arusha hatuwezi kuzungumzia mifupa bila kuzungumzia maji.

Mfupa na jino vimejengwa kwa fuwele za kalsiamu na fosfeti ziitwazo apataiti. Ni kitu cha kudumu ajabu. Mtafiti Mary Leakey alipomwona Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, pale Oldupai mwaka 1959, alichokiona kikichungulia udongoni ni mfupa na meno, baada ya miaka takriban milioni 1.75. Lakini fuwele hiyo ina udhaifu. Kuna nafasi ndani yake ambayo floraidi inaingia kwa urahisi na kung'ang'ania. Ikiingia kidogo, jino linaimarika dhidi ya kuoza. Ikiingia nyingi wakati meno ya mtoto yanajengeka, kabla ya umri wa miaka minane hivi, yanaota na madoa ya kahawia na mashimo. Ikiendelea kuingia kwa miaka mingi, mifupa yenyewe inabadilika, miguu inapinda, mgongo unakuwa mgumu.

Kuna vijana humu ndani wanaocheka huku wameziba mdomo kwa kiganja. Nawaona, na nataka mnisikie vizuri. Meno yako hayakuwa hivyo kwa uchafu. Hayakuwa hivyo kwa kutopiga mswaki. Ulikunywa maji ya nyumbani kwenu ulipokuwa mdogo, basi. Na maji hayo yalitoka wapi? Yalitoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, inayoachia floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuna vijito na visima Arumeru vinavyozidi hapo mara nyingi. Tukiongeza magadi kwenye maharage ili yaive haraka, tunaongeza floraidi juu ya floraidi, kwa sababu magadi ya ukanda huu nayo huwa nayo.

Sasa sikilizeni walichofanya wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo Maji ya Chai, ambacho kazi yake ni kuondoa floraidi majini. Walitumia mfupa. Apataiti inayoinyakua floraidi ikiwa ndani ya mwili wa mtoto, inaweza kuinyakua ikiwa ndani ya ndoo, kabla maji hayajamfikia mtoto. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, inakuwa mkaa wa mifupa, inasagwa na kupangwa kwenye chujio. Moto ukiwa mdogo, maji yananuka na watu hawayanywi. Moto ukizidi, mkaa unapoteza uwezo wa kushika floraidi. Na baada ya muda mkaa unajaa, lazima ubadilishwe. Hapo ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu huwezi kujua kwa kuonja kwamba umejaa. Kuna mtu anapaswa kupima. Muuguzi wa zahanati anaweza kuwa mtu wa kwanza kuuliza maji yalipimwa lini.

Nikitoka hapo naingia kwenye jambo lililonileta, nalo ni akina mama.

Nianze na watoto wa Nigeria kidogo, kwa sababu wanatoa somo muhimu. Kwa muda mrefu mtoto mwenye matege alidhaniwa amekosa jua, kwa kuwa jua hutupa vitamini D. Lakini Nigeria ina jua tele! Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa watoto 123 wenye matege nchini humo. Chakula chao kilikuwa na kalsiamu kama miligramu 200 tu kwa siku. Wengine walipewa vitamini D, wengine kalsiamu, wengine vyote viwili, kwa wiki 24. Waliopata kalsiamu walipona vizuri zaidi kuliko waliopata vitamini D peke yake. Walichokikosa kilikuwa kwenye sahani. Na sahani yetu ikoje? Gramu 100 za unga wa ulezi zina takriban miligramu 340 za kalsiamu, wakati za sembe hazifiki hata kumi au zinazizidi kidogo tu. Dagaa aliyeliwa mzima na mifupa yake ni chakula cha kalsiamu. Lakini nyumba ngapi zinakula sembe asubuhi kwa uji, mchana kwa ugali, usiku kwa ugali?

Sasa Guatemala. Mwaka 1980 José Belizán na José Villar waliandika juu ya wanawake wa Kimaya wa nchi hiyo. Walikuwa maskini, huduma za kliniki zilikuwa haba, na bado kifafa cha mimba kilikuwa nadra kwao. Kwa nini? Chakula chao kikuu ni mahindi, kama sisi. Ila kabla ya kuyasaga wanayaloweka na kuyachemsha kwenye maji ya chokaa. Kalsiamu ya chokaa inaingia kwenye mahindi, na mama anaila kila siku, mlo kwa mlo. Maji hayo, ndugu zangu, maji ya chokaa! Watafiti hao wakapendekeza kwamba kalsiamu katika chakula humkinga mama dhidi ya kifafa cha mimba.

Pendekezo hilo lilionekana kupingana na akili. Nimewaambia kalsiamu ndiyo inayokaza misuli, na shinikizo la damu ni misuli ya mishipa kukaza. Sasa kalsiamu zaidi izuieje shinikizo? Maelezo yao ni haya. Mama akikosa kalsiamu kwenye chakula, tezi nne ndogo za shingoni hutoa homoni ya kuilinda damu isipungukiwe na kalsiamu. Homoni hiyo, pamoja na nyingine za figo, husababisha kalsiamu iongezeke ndani ya seli za mishipa. Uhaba kwenye sahani unageuka kuwa wingi ndani ya seli, na mshipa unabana. Watafiti bado wanajadiliana kuhusu hatua zenyewe. Majaribio, hata hivyo, yalipofanywa katika nchi nyingi, yalionyesha kwamba kina mama wenye kalsiamu haba kwenye chakula wakipewa vidonge, hatari inapungua. Shirika la Afya Duniani likapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito wa jamii kama hizo.

Gramu 1.5 ni vidonge vitatu vikubwa kila siku, na visimezwe pamoja na vya kuongeza damu, kwa sababu kalsiamu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Mama mjamzito mwenye kichefuchefu, anayetembea mwendo mrefu kufika kliniki, atavimeza vyote? Serikali itavinunua vyote?

Hapo ndipo Dar es Salaam inapoingia katika historia niliyoanza nayo London. Wanawake 11,000 wa Dar es Salaam waliokuwa wakitarajia mtoto wa kwanza, na wengine 11,000 wa Bangalore, India, walikubali kushiriki. Nusu walipata miligramu 500 kwa siku, nusu 1,500. Matokeo yalichapishwa Januari 2024. Kwa upande wetu, shinikizo la ujauzito linalotangulia kifafa lilijitokeza kwa asilimia 3.0 ya waliopata dozi ndogo, na asilimia 2.7 ya waliopata dozi kubwa. Kwa vigezo vilivyowekwa kabla ya utafiti kuanza, dozi ndogo haikuwa duni, na India ikaonyesha hivyo hivyo. Kwa watoto kuzaliwa kabla ya wakati, India ilionyesha dozi ndogo inatosha, lakini Dar es Salaam takwimu hazikufikia kigezo hicho: asilimia 10.4 dhidi ya 9.7. Nalisema hili ili mtu asitoke hapa akidhani suala limefungwa. Lakini kidonge kimoja badala ya vitatu! Kina mama hao walikwenda kliniki, walikubali kupimwa, waliyataja mambo yao, na majibu yao yanasomwa sasa na madaktari wa kila bara. Majina yao hayamo kwenye makala. Mimi nawahesabu kuwa watafiti wa kalsiamu kama alivyokuwa Ringer.

Na pale kinga inaposhindikana, mama akaletwa na bajaji akiwa anatikisika, mnamdunga magnesiamu salfeti. Magnesiamu huizuia kalsiamu isiingie kwenye ncha za mishipa ya fahamu. Ndiyo maana kabla ya kila dozi mnagonga goti kuona kama linaruka, mnahesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mnapima mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Goti likinyamaza, pumzi zikipungua, magnesiamu imezidi. Dawa yake inatakiwa iwe kwenye trei ile ile, tayari: kalsiamu glukoneti, gramu moja, mililita 10 za asilimia 10, polepole kwenye mshipa. Mama anarudisha pumzi. Ni mjumbe yule yule wa moyo wa chura.

Ninyi wanafunzi, kuna mambo hapa yanawasubiri. Mjamzito wa Arumeru anakula kalsiamu kiasi gani hasa kwa siku, ukipima chakula chake nyumbani badala ya kumuuliza? Kidonge kimoja kikianza kutolewa kliniki, kitamezwa saa ngapi ili kisigongane na cha kuongeza damu? Ulezi ukilowekwa na kuchachushwa, vile vitu vinavyoshikilia kalsiamu hupungua. Je, uji wa namna hiyo unaweza kubeba sehemu ya kazi ya kidonge? Haya ni maswali ya daftari, mizani na subira, na vifaa vyake mnavyo.

Nimechukua muda wenu mwingi, na naona mikono imeinuliwa tangu nilipotaja magadi. Tuanze na wakunga waliokesha, ili wawahi kupumzika. Karibuni.